Sauti Iliyopwelea Isiyorudi: Mwongozo wa Kutambua na Kutibu Uvimbe wa Gegedu la Zoloto kwa Tabibu wa Lamu

Kila mara matabibu wapya wanapopangiwa vituo vya Pate, Faza, Kizingitini na Mokowe, simu yangu huanza kulia kwa maswali yale yale. Mgonjwa amepwelewa sauti miezi minane, dawa zote za kikohozi nimempa, nimpe nini tena? Bayopsi, yaani kipande cha nyama kilichokatwa kupimwa maabara, imerudi na kusema nyama ni nzima, je, nimwambie amepona? Ameambiwa ni saratani, mbona hapewi mionzi? Nimeshajibu maswali haya mara nyingi, tena mara nyingine nikiwa juu ya boti na upepo ukinila maneno, hivi kwamba nimeona afadhali niyaandike mara moja kwa utaratibu. Mwongozo huu ni wako wewe uliye peke yako kituoni na unayepaswa kuamua ni nani asubiri na ni nani avushwe. Kazi ya kukata si yako, lakini kama hujui kitakachofanyika mbele ya safari, hutaweza kumwandaa mgonjwa wala kumpokea atakaporudi.

Nadharia ni chache. Zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, limejengwa kwa magegedu, ile mifupa laini inayopindika, na mojawapo ni krikoidi, lenye umbo la pete ya muhuri, jembamba mbele na pana nyuma. Takriban robo tatu ya uvimbe wa gegedu la zoloto huanzia kwenye krikoidi, hasa ule upande mpana wa nyuma, na unaofuata kwa wingi ni gegedu la thairoidi, lile linalotokeza kama kongomeo kwa wanaume. Ni ugonjwa wa nadra, kwani katika kila vivimbe 100 vya zoloto haufiki hata kimoja. Una sura mbili, nazo ni kondroma, ambayo si saratani, na kondrosakoma, ambayo ni saratani lakini mara nyingi ni ya daraja la 1, lile la upole zaidi, na hukua polepole kwa miaka. Wengi wanaoupata ni wanaume wenye umri wa miaka 50 hadi 80. Hauna uhusiano ulio wazi na tumbaku kama ilivyo saratani ya kawaida ya koo, kwa hiyo usimwondoe mtu kwenye hesabu kwa sababu hajawahi kuvuta sigara.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, stetoskopu, kipima oksijeni cha kidoleni, taa nzuri, kioo cha koo ikiwa umefundishwa kukitumia, na simu ya kurekodia sauti. Uwe na mtungi wa oksijeni ambao umeufungua mwenyewe asubuhi hiyo ukaona una hewa. Uwe na namba ya daktari wa masikio, pua na koo anayepokea simu. Na kwa sisi wa visiwani, ujue maji yanajaa saa ngapi, kwa sababu mgonjwa wa Siyu au Faza hupitishwa mlango wa Mkanda, na maji ya bamvua yakikupwa, boti hukaa mchangani ikisubiri hata kama ndani yake mna mtu anayepigania pumzi.

Hatua ya 1: Andika muda, si jina la ugonjwa

Muulize sauti ilianza kubadilika lini, kisha umsaidie kukumbuka kwa vitu anavyovijua yeye, kwa mfano ilikuwa kabla ya Maulidi au baada yake, kusi ilikuwa imeingia au bado. Uliza kama hali inazidi, kama tonge kavu linakwama, kama analala kwa mto mmoja au mitatu, na kama pumzi inamsumbua anapopanda ngazi za nyumba. Rekodi sauti yake kwa simu akihesabu moja hadi kumi, umrekodi tena baada ya wiki mbili, maana sikio lako litalizoea koo lake na halitakuambia kuwa limezidi.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba sauti iliyopwelea zaidi ya wiki 3, bila mafua yanayoeleweka, haina dawa ya kupewa mpaka zoloto litazamwe. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kuongeza antibayotiki ya tatu na ya nne. Usimlaumu mgonjwa aliyetumia asali, tangawizi na habasoda kwanza, kwani hata mama yangu angenipa hivyo. Mkataze tu, kwa maneno ya wazi, asiende kukatwa kimeo. Kimeo hakina hatia yoyote katika jambo hili, na jeraha lile linaweza kutoa damu na kuingiza vijidudu huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake.

Hatua ya 2: Sikiliza shingo kabla ya kifua

Hatua hii naiandika kwa kirefu kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiruka. Nilipokuwa kijana kazini, nilimtibu nahodha mmoja wa jahazi kwa miezi saba nikiandika «pumu» kwenye daftari lake. Nilimpa salbutamoli ya kuvuta, nikampa prednisoloni, akapata nafuu ya siku tano, akarudi. Siku moja aliniambia, «Mwanangu, pumzi kutoka yatoka sawa, kuingia ndiko kuna kazi.» Nilitabasamu nikampa dawa ile ile. Ugonjwa wake wote ulikuwa ndani ya sentensi ile, nami sikuusikia.

Mwenye pumu huhangaika zaidi kutoa pumzi, na mluzi wake husikika kifuani. Aliyezibwa zolotoni huhangaika kuivuta, na sauti yake husikika kwa nguvu zaidi ukiweka stetoskopu shingoni, kando ya kongomeo. Ikiwa kizuizi kiko chini ya nyuzi za sauti, waweza kuisikia pumzi ikiingia na ikitoka pia. Mwambie avute pumzi kwa nguvu mdomo ukiwa wazi, sikiliza shingoni, kisha shuka kifuani ulinganishe. Nafuu ya steroidi kama prednisoloni isikudanganye, maana hupunguza uvimbe wa ngozi laini iliyo juu ya gegedu, nalo gegedu lenyewe halipungui.

ONYO: Mgonjwa anayevuta pumzi kwa sauti akiwa ametulia, anayekaza misuli ya shingo, au asiyeweza kumaliza sentensi, ni wa dharura. Muache akae anavyotaka kukaa, usimlaze chali. Usimpe dawa ya usingizi wala ya kutuliza wasiwasi, kwa kuwa wasiwasi wake ndio unaomfanya avute pumzi. Mpe oksijeni, piga simu, anza kumsafirisha. Wala usitulizwe na kipimo cha kidoleni kinachoonyesha 97, kwa sababu oksijeni ya damu hushuka mwishoni kabisa, wakati njia ya hewa imeshakuwa nyembamba mno.

Hatua ya 3: Papasa shingo

Simama nyuma yake, mpe maji anywe, uhisi zoloto likipanda na kushuka. Uvimbe wa gegedu la thairoidi huweza kuhisika kama jiwe lililoshikamana na zoloto, nao hupanda pamoja nalo kama lipandavyo goita, kwa hiyo kupanda peke yake hakutofautishi. Uvimbe wa nyuma ya krikoidi hauhisiki kabisa. Tafuta pia tezi za shingo. Kondrosakoma ya zoloto ni nadra sana kufika kwenye tezi hizo, hivyo ukizikuta ngumu na zimeshikana, fikiria kwanza saratani ya kawaida ya koo au kifua kikuu, na upeleke makohozi yapimwe bila kuchelewesha rufaa.

Hatua ya 4: Andika barua ya rufaa inayosomeka

Barua yenye maneno «koo linauma, tafadhali msaidie» humweka mgonjwa mwisho wa foleni. Andika hivi: «Mwanamume wa miaka 62. Sauti imepwelea miezi 9, inazidi. Mluzi wakati wa kuvuta pumzi, unasikika shingoni kuliko kifuani. Tonge kavu linakwama. Oksijeni 96 kwa mia akiwa ameketi. Hakuna tezi za shingo. Salbutamoli na prednisoloni hazikumsaidia kwa kudumu. Naomba zoloto litazamwe, na skani ya CT ya shingo ifanywe kabla ya bayopsi.» Sentensi ya mwisho usiiache hata kama utaonekana unamfundisha mkubwa kazi. Hakikisha usajili wake wa SHA, bima ya afya ya serikali, uko sawa kabla hajaondoka, kwa sababu kutoka Lamu hadi Mombasa ni takriban kilomita 350 na kurudi kufuata karatasi ni msiba mwingine. Aliye Malindi ana nafuu, kwani Mombasa iko kilomita 120 hivi.

Hatua ya 5: Zoloto litazamwe

Daktari hupitisha kamera nyembamba puani hadi kooni mgonjwa akiwa macho. Anachokitafuta ni kitu ambacho wengi hukipita, yaani kivimbe laini cha mviringo, kilichofunikwa na ngozi nzima isiyo na kidonda, mara nyingi nyuma na chini ya nyuzi za sauti. Saratani ya kawaida huchubuka na kutoa damu, hii hujificha chini ya shuka safi. Wakati mwingine kinachoonekana ni uzi mmoja wa sauti uliokataa kusogea, na ripoti ikaandikwa «kupooza kwa uzi wa sauti» faili ikafungwa. Uzi usiosogea una sababu, na sababu hiyo itafutwe kwa skani.

Hatua ya 6: Skani kwanza, kisu baadaye

Skani ya CT ya shingo yenye vipande vyembamba vya milimita 1 hivi ndiyo inayoifungua kesi. Inaonyesha uvimbe unaotanua gegedu kutoka ndani, wenye chembe za chokaa zilizotawanyika kama bisi, na chembe hizo huonekana katika takriban wagonjwa wanne kati ya watano. Pia hupima sehemu ya pete ya krikoidi iliyoliwa, na hilo ndilo swali ambalo mpasuaji atalihitaji kuliko jina la ugonjwa. Skani ya MRI husaidia kuona mpaka wa uvimbe na nyama laini, ambapo uvimbe wa gegedu hung'aa sana katika picha za aina ya T2. Kabla ya dawa ya kung'arisha mishipa, figo zipimwe. Kifua nacho kipigwe picha, kwa kuwa saratani hii ikisafiri, jambo lisilo la kawaida, huenda kwenye mapafu. Mgonjwa arudi na picha zenyewe kwenye sidi, si karatasi ya ripoti peke yake.

Hatua ya 7: Bayopsi ya kina

Uvimbe huu ni mgumu, na ngozi iliyo juu yake ni nzima. Koleo la kawaida la bayopsi huteleza likachukua ngozi ya juu, mpatholojia akaipima kwa uaminifu kabisa na kuandika kuwa ni nzima, na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ugonjwa huu. Bayopsi ipasue ngozi, iingie ndani ya gegedu, ichukue vipande zaidi ya kimoja kutoka sehemu tofauti, na fomu ya maabara iseme wazi kuwa kinachoshukiwa ni uvimbe wa gegedu na kwamba skani ilionyesha nini. Hata hivyo, kipande kidogo hakiwezi kuapa kwamba uvimbe mzima ni kondroma, kwani kondroma na kondrosakoma ya daraja la 1 hufanana kama ndugu, tena zaweza kukaa ndani ya uvimbe mmoja. Jibu la «kondroma» kwenye uvimbe uliopita sentimita 3 mimi hulitilia shaka mpaka uvimbe wote utolewe na kupimwa.

ONYO: Usingizi wa bayopsi ni hatari kuliko bayopsi yenyewe. Mpango wa njia ya hewa ukubaliwe na mpasuaji na mtoa usingizi kabla mgonjwa hajaingia chumbani, pamoja na mipira myembamba ya kupumulia na vifaa vya kutoboa tundu la shingoni vikiwa vimefunguliwa mezani. Mgonjwa aliyebana sana hutobolewa tundu hilo kwa ganzi akiwa macho. Baada ya bayopsi koo huvimba, kwa hiyo asipande basi la kurudi Mokowe jioni ile ile.

Hatua ya 8: Matibabu

Tiba ni upasuaji, na lengo ni kuutoa uvimbe wote huku zoloto likibaki pale inapowezekana. Uvimbe mdogo wa daraja la 1 hutolewa kwa leza kupitia mdomoni, au kwa kulifungua gegedu la thairoidi katikati kama kitabu. Krikoidi ndilo gegedu pekee la njia ya hewa lililo pete kamili, nalo ndilo linaloizuia njia isiporomoke, kwa hiyo likibaki chini ya nusu yake mpasuaji huhitaji kulijenga upya au kuliondoa zoloto lote. Kuondoa lote huwekewa pia uvimbe wa daraja la juu na ule uliorudi tena na tena.

Usikubali haraka zoloto liondolewe lote kwa sababu neno «saratani» limetajwa. Kwa daraja la 1 kuna muda wa kuomba maoni ya pili, kwa mfano Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi. Mzee dhaifu asiyehimili upasuaji mkubwa anaweza kupunguziwa uvimbe kila unapoziba njia, akaishi miaka na sauti yake. Mionzi si mbadala wa kisu hapa, hutumika pale uvimbe usipoweza kutolewa au ni wa daraja la juu, na tibakemikali ina nafasi ndogo zaidi.

Hatua ya 9: Kumpokea aliyerudi bila zoloto

Hapa kazi inakurudia wewe. Aliyeondolewa zoloto lote anapumua kwa tundu la kudumu lililo shingoni, na mdomo na pua yake havifikishi hewa tena mapafuni. Waandikie wenzako wote kituoni kwa herufi kubwa kwamba oksijeni huwekwa SHINGONI. Nimewahi kufika nikakuta mtu amevishwa barakoa ya oksijeni usoni, na nia ya aliyemvisha ilikuwa njema.

Kwa watu wa bahari jambo hili ni zito zaidi. Hawezi kuogelea wala kupiga mbizi, na jaketi la kuokolea humweka mdomo juu huku maji yakiingia kifuani kwa shingo. Mvuvi abadilishiwe kazi ya pwani, kama kushona nyavu au kuuza, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya upasuaji, si baada. Afundishwe kufunika tundu kwa kitambaa chepesi cha pamba dhidi ya mchanga na vumbi, akilowanisha kidogo wakati wa kaskazi, na aliweke kando na maji anapotawadha na kuoga. Kuhusu sauti, kuna kilango kidogo cha plastiki kinachowekwa kati ya njia ya hewa na umio, kuna kifaa cha umeme kinachoshikwa shingoni, na kuna namna ya kusema kwa kucheulia hewa ya umio. Muadhini mmoja aliyeanza na kifaa cha umeme aliniandikia kwenye karatasi kwamba wajukuu wanamcheka. Mwezi uliofuata wajukuu wale wale walikuwa wakigombania kumchajia betri.

Hatua ya 10: Ufuatiliaji wa maisha

Kila miezi 3 hadi 6 katika miaka ya mwanzo, kisha kila mwaka, kwa kamera na kwa skani. Matokeo ya ugonjwa huu ni mazuri, na wengi wa daraja la 1 huwa hai baada ya miaka 10, lakini uvimbe una tabia ya kurudi mahali pale pale, wakati mwingine baada ya miaka zaidi ya 10. Usimtoe kwenye daftari kwa sababu miaka 5 imetimia.

Mambo yakienda kombo

Bayopsi imesema nyama nzima, skani inasema kuna uvimbe. Skani ndiyo yenye neno. Omba bayopsi irudiwe kwa kina.

Skani haionyeshi chokaa. Mmoja kati ya watano hivi huwa hivyo. Omba MRI na bayopsi, na uwakumbuke wanaofanana nao, kama kifua kikuu cha zoloto na mfuko wa hewa wa zoloto.

Jibu lilikuwa kondroma, uvimbe umerudi baada ya miaka 4. Omba vioo vya maabara vya zamani visomwe upya pamoja na vipya. Mara nyingi ilikuwa kondrosakoma ya daraja la 1 tangu mwanzo.

Mgonjwa amekataa upasuaji. Usigombane naye wala usimtishe. Mwite mtu anayemsikiliza, mkewe au ami yake, mkubaliane tarehe ya kurudi, umrekodi sauti, na wote nyumbani wajue dalili tatu za kuvuka usiku ule ule: mluzi akiwa ametulia, kushindwa kulala chali, na kushindwa kumeza mate.

Mpira wa tundu la shingoni umeziba. Toa mpira wa ndani uuoshe, vuta makohozi kwa mashine, na hewa ikiwa bado haipiti, toa mpira wote uweke mwingine wa akiba. Kila mgonjwa wa namna hii aondoke hospitalini na mipira miwili ya akiba, mmoja wa kipimo chake na mmoja mdogo zaidi, nayo ikae katika mfuko unaotundikwa mlangoni, si ndani ya kabati lililofungwa ambalo ufunguo wake ameondoka nao mtu aliyekwenda Mombasa.